Kisu ya Kura

Ukitaka kununua kisu cha bei ya chini katika soko la Kitale, usiangalie makali. Makali ya kisu kipya ni ya kudanganya watu. Angalia mgongo. Kishike kwa mpini, nyoosha mkono, funga jicho moja, halafu tazama kutoka mpinini hadi nchani. Hapo ndipo utaona kama kimepinda. Haya si maarifa yangu. Mimi nauza sufuria, na sufuria ikibonyea mtu yeyote anaona bila kufunga jicho. Nilifundishwa na jirani yangu wa meza, Bilha, ambaye sokoni tulimwita Mama Nyambu kwa jina la binti yake.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyelelewa na jembe. Wazazi wake walitoka Nyeri wakapata shamba upande wa Kiminini kabla hajazaliwa, kwa hiyo Nyeri yenyewe aliijua kwa kusimuliwa tu. Aliuza visu vya jikoni, vile vinavyokuja ndani ya maboksi, kila kimoja kimeviringishwa karatasi nyembamba, mpini wa plastiki nyeusi, chuma kinang'aa kuliko kinavyostahili. Visu hivyo husafiri mbali vikiwa vimelaliana, na vikifika kwetu vingi vimeshapinda. Wauzaji wengine waliwachanganyia watu vilivyopinda na vilivyonyooka, mnunuzi ajitafutie bahati yake. Bilha hakuweza. Kisu kilichopinda kilimkera hata kama hakuna mteja aliyekitazama.

Chini ya meza yake kulikuwa na gogo la mkaratusi lenye mwanya mwembamba, alilokatiwa na mumewe Kibe, fundi wa baiskeli. Gogo hilo aliliita daktari. Mteja akilalamika, "Mama, hii imepinda," Bilha humjibu, "Basi ipelekwe kwa daktari," kisha huinama, hulitia bapa la kisu kwenye mwanya na kusukuma polepole kinyume cha mpindo. Husukuma kupita pale pa kunyooka, kwa sababu chuma ukikiachilia hurudi kidogo.

"Inakumbuka," alikuwa akiniambia. "Lazima uipitishe, ndio ikirudi irudi mahali inafaa."

Uzuri wa kisu rahisi ni huo, kwamba ni laini na kinakubali. Cha bei ghali ukikisukuma hivyo kinakatika mikononi. Lakini kisu kilichojisokota, kile ambacho ncha inatazama huku na mpini unatazama kule, hicho hata daktari alishindwa nacho, na Bilha alikitenga kwa watu wa kung'olea magugu. Akimaliza kukinyoosha kimoja alikifungia jicho, na wanaume wageni sokoni walidhani wanakonyezwa. Kisha alikikwaruza kwa tupa mistari miwili midogo karibu na mpini, akamkabidhi mteja na kumwambia maneno yale yale siku zote.

"Ikipinda, rudi."

Na watu walirudi kweli. Akiiona ile mistari miwili alikinyoosha tena, bure, bila kununa. Mimi kwa hasira zangu nisingeweza. Mtu akinirudishia sufuria tunagombana mpaka askari wa soko anakuja.

Sasa kuna jambo la ulimi, na lazima nilieleze hapa. Bilha alikuwa na ulimi wa wazazi wake wa Nyeri, ambao haujui l kabisa. Kila l kwake ni r. Mimi ni Mbukusu wa Matulo, karibu na Webuye, na sisi wa Bungoma l na r tunazitumia zinavyokuja. Kisu kidogo cha jikoni sokoni kwetu kinaitwa kisu ya kula, ili kukitenga na kile kikubwa cha kuchinja. Bilha alikinadi hivi asubuhi hadi jioni: "Kisu ya kura! Kisu ya kura hapa!" Mimi namcheka. Yeye ananigeukia, "Na wewe, Dinah, hizo sufulia zako ni za kupika nini?" Nyambu akija kutusaidia wakati wa likizo alitushika sote wawili.

"Mum, ni kula. Kura ni ile ya kuweka kwa sanduku."

"Si ndio nimesema?" Bilha alishangaa. "Kura."

Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Nikiandika naweka l mahali pake na r mahali pake, maana kalamu humsubiri mtu na mdomo hausubiri. Maneno ya watu hapa nitayaandika sawasawa, isipokuwa pale ambapo kosa lenyewe ndilo habari.

Mwisho wa mwaka wa 2007 nilikuwa Matulo kwa wazazi wangu, kwa sababu niliandikishwa kupiga kura huko. Kwa hiyo Jumamosi ile sikuiona. Ninaijua kwa mdomo wa Bilha, naye alinisimulia mara nyingi, bila kuongeza wala kupunguza, kama mtu anayeogopa kwamba akiliangusha neno moja hatalipata tena.

Watu walikuwa wameshapiga kura, na hesabu ilikuwa bado. Soko lilikuwa nusu tupu. Bilha alikuja kwa sababu Krismasi ilimwachia boksi ambalo halijafunguliwa, na kukaa nyumbani kulimtia wasiwasi zaidi. Kila redio ilikuwa na neno moja tu: kura za wapi, kura ngapi, kura zimechelewa. Wenye maduka walisimama milangoni wakitazamana. Marafiki wa siku nyingi, kwa kuwa makabila yao ni tofauti, walisalimiana kwa ufupi na kupita.

Akaja mwanamume mrefu, amevaa koti la kanisani na gambuti, zile buti ndefu za mpira. Hakusalimia sana. Alifungua visu kimoja baada ya kingine, akafunga jicho mwenyewe, akavirudisha. Boksi zima lilikuwa limepinda upande mmoja.

"Mama, nataka kisu ya kura," alisema. "Lakini zote zimepinda. Ninyooshee moja. Kesho tuko na kazi nayo."

Bilha aliacha kupanga visu. Aliuliza, kwa sauti ambayo hakuijua, "Kazi gani?"

Yule mtu alitazama nyuma yake kwanza. "Inategemea watu wangapi watakuja."

"Unatoka wapi?"

"Ndalu."

Ndalu ndiko alikokaa Nderitu, mdogo wake Kibe, na mkewe. Bilha aliinama kwenye daktari akakinyoosha kisu kile, kwa sababu mikono ilijua kazi na kichwa kilikuwa hakijui cha kufanya. Anasema hajawahi kunyoosha kisu kikanyooka hivyo. Hata mistari ya tupa aliichora, na yale maneno yake ya ikipinda rudi akayasema, kwa mazoea. Mtu yule alikiviringisha kwa gazeti, akakitia ndani ya koti. Alipokuwa anaondoka aligeuka.

"Ikipinda, nitarudi," akasema.

Bilha alikunja biashara yake akaenda Kiminini mbio. Alimkuta Kibe uani ameiinua baiskeli ya mtu juu chini. Akamwambia kuna mtu wa Ndalu amenunua kisu, amesema ni kisu ya kura, amesema ni ya kesho, amesema watu watakuja.

"Kura gani?" Kibe aliuliza.

"Kura, Kibe! Kura!"

Kibe hakuwa mtu wa kubishana na mkewe akiwa na uso ule. Aliwapeleka Bilha na Nyambu katika kanisa la mabati ya kijani karibu na stendi ya Kiminini, ambako familia nyingine zilikuwa zimeanza kukusanyika na magodoro yao. Kisha akachukua baiskeli yake kwenda Ndalu kumtoa Nderitu. Jua lilikuwa limeshuka lakini bado lipo. Bilha alimwona akipiga kona penye duka la mbolea, na huko ndiko alikokwenda.

Nderitu hakuwepo Ndalu. Alikuwa ameondoka na mkewe mchana kwa njia nyingine. Kibe alipatikana baada ya mwaka mpya kando ya kijito, chini ya barabara, amekatwa. Aliyefanya hivyo hajulikani mpaka leo, na mimi sitamsingizia mtu nisiyemwona. Watu wa kila upande walikufa siku hizo, na kila upande una majina yake.

Kule chumba cha maiti, mhudumu alipomfunulia shuka, Bilha hakulia. Aliuliza swali moja.

"Hiyo kidonda imenyooka ama imepinda?"

Mhudumu alimtazama akidhani amerukwa na akili. Kisha akamhurumia, akainama kuangalia.

"Imenyooka, mama," akasema.

Bilha alirudi sokoni mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zimeshika vizuri. Nilimtunzia meza yake, nikawafukuza wawili waliotaka kuipora, na kwa hilo sijutii hata tusi moja nililotoa. Nilimkumbatia. Alikuwa amepungua mpaka leso yake ilimzunguka mara mbili. Alipanga visu vyake kama zamani, lakini hakunadi. Gogo alilitoa chini ya meza, akaligeuza mwanya ukitazama chini, akalikalia.

Mteja wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu fulani aliyezoea kutaniwa. "Mama Nyambu, hii imepinda. Daktari yuko?"

"Chukua hivyo hivyo ama uache," Bilha alimjibu.

Akawa anauza visu vilivyopinda. Hakuficha wala hakusifia. Mtu akifunga jicho moja kukagua, yeye anageuza uso pembeni. Nilimtembelea kwake nikakuta jikoni hakuna kisu hata kimoja. Sukuma wiki aliichana kwa vidole, nyanya aliziminya ndani ya sufuria, kitunguu alikipasua kwa kukigonga na jiwe. Mwanamke wa kuuza visu, na nyumbani kwake anatafuna kitunguu kilichopondwa. Niliumia kuona hivyo, nikajifanya sijaona.

Kilichomsumbua hakikungoja giza. Kilimjia mchana sokoni katikati ya watu. Mara anaacha kuhesabu chenji, shingo inakakamaa, anasikiliza. Mwanzo sikumwelewa. Baadaye aliniambia kwamba anasikia gambuti nyuma yake, zinatembea taratibu kwenye tope, na mtu anasema nitarudi. Akigeuka ni mama wa mboga, au ni mkokoteni, au hakuna mtu. Visu vikigongana mezani alishika kifua. Na kila mnoaji wa visu aliposimamisha baiskeli yake karibu nasi, Bilha alikwenda kupekua rundo la visu vya watu, kimoja kimoja, akitafuta ile mistari miwili kwenye kisu chenye mpini kama wa visu vya boksi lile. Mnoaji alizoea, akadhani ni kichaa cha ujane.

"Ukikipata utafanya nini?" nilimuuliza.

"Nitajua," alisema.

"Utajua nini?"

"Kama ni mimi nilikinyoosha kile kilimkata Kibe."

Hilo ndilo lililokuwa limemkalia. Hakulala akimtafuta muuaji. Alilala akijitafuta mwenyewe, mikono yake juu ya gogo, ikikitengeneza kisu kile kimnyookee yule mtu. Mara moja, mara moja tu, nilithubutu.

"Mama Nyambu, na kama yule mtu alitaka kisu ya kula tu? Si hata wewe ndivyo unaiita?"

Alinigeukia na macho ambayo sijayasahau. "Nilisikia kwa masikio yangu. Alisema kura. Si kura ya chakura. Kura, ile ya sanduku! Na akasema atarudi. Wewe ulikuwa Matulo." Nilinyamaza, kwa sababu ni kweli nilikuwa Matulo, na pia kwa sababu nilimwonea huruma. Mtu aliyebakiwa na jambo moja tu la kushika, utamfungua vidole kwa faida gani?

Mwaka wa 2009, mahindi yakiwa yanavunwa na soko limejaa magunia, alikuja mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, ameshika kitu kilichoviringishwa kwa gazeti. Alinijia mimi kwanza, maana aliusikia mdomo wangu nikigombana na mteja akajua ni wa kwao.

"Mayi," aliniita, kama tunavyomwita mama kwetu, "natafuta yule mama wa kunyoosha visu. Aliambia mzee wangu ikipinda arudi. Sasa mzee ameumwa na goti, amenituma."

Nilimtazama Bilha, na Bilha alikuwa anatazama gazeti.

"Mzee wako ni nani?" Bilha aliuliza.

"Jairus Wanyonyi. Wa Ndalu. Mimi ni Phelista." Alianza kuifungua karatasi. Kisu kilikuwa kimekonda kwa kunolewa, mpini umepauka kwa sabuni, na bapa limepinda tena upande ule ule. Karibu na mpini kulikuwa na mistari miwili. "Mtoto alikifungulia mkebe wa rangi," alisema Phelista kwa aibu. "Nimemchapa."

Nilisogea karibu ya Bilha. Kusema kweli niliogopa, maana kisu kilikuwa mezani katikati yao na sikujua mkono wa nani utakifikia kwanza.

"Alinunua siku gani?" Bilha aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ile Jumamosi, mambo ikiwa mbaya."

"Alitaka kisu ya nini?"

Phelista alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si ya kura?"

"Kura?"

"Eh. Ya kura. Ya kura kuku. Jumapili tulikuwa tunangoja wageni wa msichana wetu Fridah, watu wa mahari, na kwangu kulikuwa na panga peke yake. Nikamwambia mzee, sasa wageni watakatiwa kuku na panga kama mbwa? Akaenda Kitale."

"Aliniambia inategemea watu wangapi watakuja."

"Si hao wageni, mama! Hatukujua kama barabara itawaruhusu. Na hawakukuja. Hata kisu yenyewe haikufika."

Bilha aliinuka kwenye gogo. "Haikufika wapi?"

"Nyumbani." Phelista alishusha sauti, maana siku zile za vurugu watu walikuwa bado hawazitaji wazi sokoni. "Mzee alifika Kiminini akaona vijana wanapekua watu barabarani. Akaogopa kupatikana na kisu mpya kwa koti. Huyo mzee wangu ni mwoga, asikudanganye na hiyo urefu yake. Akaingia kwa kanisa, akaachia wamama wa jikoni, akapita na mashamba mpaka nyumbani. Alirudi kuichukua Februari. Ati wamama wakamwambia imefanya kazi ya Mungu, imekata mkate ya watu wote walikuwa wamekimbilia hapo."

"Kanisa gani?" aliuliza Bilha.

"Ile ya mabati ya kijani. Karibu na stendi."

Sokoni kelele ziliendelea kama kawaida. Mtu aliniuliza bei ya kifuniko nikamfukuza kwa mkono. Bilha alikuwa amekichukua kisu na kukilaza kwenye kiganja, si kwa kukikagua. Alikishika tu.

"Nilikula hiyo mkate," alisema. Hakumwambia Phelista, aliniambia mimi. "Vipande vilikuwa vimenyooka sawasawa. Hata nikajiuliza nani anajua kukata hivi. Nikamwekea Kibe yake kwa karatasi."

Machozi yalinitoka mimi kabla yake, na Phelista, ambaye hakujua amesema nini, alianza kuomba msamaha kwa ajili ya ule mkebe wa rangi.

"Dinah," Bilha aliniita. "Sema ile ya sanduku."

"Kura," nikasema.

"Sema ile ya chakula."

Nilijitahidi. Niliuweka ulimi mahali ambapo Nyambu alituonyesha, nikavuta pumzi, nikasema. Sijui nilisemaje. Najua tu kwamba Bilha alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, kisha naye akajaribu. Alitaja la kwanza, akatulia, akataja la pili.

"Kura," alisema. "Kura."

Maneno yote mawili yalikuwa neno moja. Alijaribu tena na tena, na kila mara yalitoka mapacha.

"Kibe aliniuliza kura gani," alisema. "Na mimi nikamjibu, kura."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amesimama, kisu mkononi, katikati ya soko la Kitale mchana kweupe. Mama wa mboga alikuja na mnoaji wa visu akaja. Nilimweleza Phelista pembeni kwa Kibukusu, kwa maneno machache niliyoyaweza, na yule mama akaketi chini kwenye vumbi na kitambaa chake cha kanisa, akajishika kichwa. Alisema tumrudishie tu kisu aende. Kisha akasema hata hakitaki tena.

Bilha alikataa. Alijifuta uso kwa leso, akaligeuza gogo. Mwanya ulikuwa umejaa udongo na maganda ya maharagwe, akausafisha kwa ncha ya kisu chenyewe. Akalitia bapa ndani, akasukuma kupita pale pa kunyooka, akaachilia, kikarudi mahali pake. Akanyoosha mkono, akafunga jicho moja. Alikaa hivyo kwa muda, maana jicho lililobaki wazi lilikuwa halioni vizuri.

Akamkabidhi Phelista. Maneno yake ya siku zote hakuweza kuyasema. Ikabidi Phelista ayaseme mwenyewe, kwa upole, kwa sababu hakujua mtu huagana vipi na mama kama huyo.

"Ikipinda, nitarudi."

"Rudi," Bilha akasema.

Tangu siku hiyo gogo liko chini ya meza na visu vinanyooshwa. Gambuti, aniambiavyo, hazimfuati tena. Sasa anamsikia Kibe, ambaye hasemi mengi, anauliza tu, kura gani, ameshika spana, anangoja jibu. Nilimwambia hakuna mtu angejua, wiki ile sote masikio yetu yalikuwa yamepinda. Alinijibu kwamba ya wengine yalipinda na waume zao wako nyumbani. Nyumbani kwake bado hakuna kisu.

Na kisu cha jikoni hakiiti tena kwa jina lake la sokoni. Mteja akija, hamwonyeshi chochote kwanza. "Ya kukata nini?" anauliza. Vijana wa mjini humcheka, "Si ya kula tu, mathe," na yeye hatikisiki. "Kukata nini?" Anangoja, kisu mkononi, mpaka mtu ataje nyanya, au mkate, au kuku. Asiyetaja hauziwi, hata akiweka pesa mezani. Wateja wamepungua kidogo, wengine wanasema ana maringo. Hata mimi, jirani yake wa miaka yote, nikitaka kuazima kisu cha kukatia kitunguu changu cha mchana, sharti nikitaje kitunguu. Nakitaja.